Farasi Iko na Jina

Vitabu viwili ninavyotaka kuvisema hapa havipatikani Kashojwa. Nimeviazima Mbarara, kwa mzee mmoja Mhindi mwenye duka la vitambaa, mahali naendaga kununua nyuzi na zipu kwa ajili ya mke wangu, maana yeye ni fundi cherehani. Siku ile mvua ilinifungia dukani. Juu ya kabati, pale ambapo wengine wanaweka kalenda na redio, yeye ameweka vitabu viwili vikubwa, vizito kama tofali. Akaona macho yangu yako wapi. Akaniuliza kama napenda kusoma. Nikamwambia ndiyo, mzee, hata jarida letu tunalo huko Nakivale. Akavishusha, akavifuta vumbi kwa kipande cha kitenge, akasema: "Chukua, lakini urudishe. Vitabu vyangu vya kwanza vilibaki hapa mwaka sabini na mbili, sikuviona tena."

Kimoja ni cha kriketi, ushindi wa India tangu zamani za wafalme mpaka juzi. Cha pili ni cha mbio za farasi, nacho kinasifu farasi wa Wahindi walioshinda India kwenyewe na Uingereza. Vyote ni vitabu vya picha: nusu kamera, nusu michoro ya rangi, na maneno machache chini ya kila picha. Ni vitabu vya kuwekwa mezani sebuleni, mgeni afungue wakati chai inachemka. Majina yake sitataja. Hicho cha farasi kimepoteza jalada na kurasa za mwanzo, na siyo haki kumshitaki mmoja kwa jina na mwenzake kumwacha aende. Halafu ninachosema kinahusu vitabu vya aina hii vyote, hata vile vinavyotengenezwa juu yetu sisi. Nitafika huko.

Kwanza nitoe sifa, kwa sababu nilivifurahia. Kwa wiki tatu nyumba yangu ilikuwa kama maktaba. Watoto wa majirani walikuwa wananawa mikono kwanza (niliwalazimisha) halafu wanakaa juu ya mkeka kufungua kurasa mbili mbili.

Ukurasa bora kuliko yote uko katika kitabu cha kriketi, na ni mchoro. Wengi wetu hapa tunajua mpira wa miguu tu, basi nieleze kidogo. Timu moja inarusha mpira, nyingine inapiga kwa bao la mti na kukusanya mikimbio. Anayepiga akikosea anatolewa, wakitoka kumi zamu imekwisha. Tarehe 18 Juni 1983, katika Kombe la Dunia Uingereza, India walicheza na Zimbabwe mji unaoitwa Tunbridge Wells. Walipofikisha mikimbio 17 tu, watu watano walikuwa wameshatoka. Yaani ni kama kufungwa manne kabla ya dakika ya ishirini. Nahodha wao Kapil Dev akaingia, akapiga mikimbio 175 bila kutolewa. India wakashinda kwa tofauti ya mikimbio 31, na siku saba baadaye wakabeba Kombe lenyewe pale Lord's, London, mbele ya West Indies waliokuwa wameshalichukua mara mbili.

Sasa, ile siku ya Tunbridge Wells hakuna filamu yake. Kamera za BBC hazikuja. Kwa hiyo mchoraji wa kitabu amebaki peke yake na habari ya kusimuliwa. Na kwa sababu hana picha ya kunakili, amechora kila kitu: miti ya maua iliyozunguka uwanja, mzee aliyelala kwenye kiti, na mwenzake Kapil, Syed Kirmani, akiwa amesimama upande wa pili na bao lake chini, anatazama. Kirmani alikaa na Kapil mpaka mwisho, wakaongeza mikimbio 126 pamoja bila mmoja wao kutolewa. Bila Kirmani zile 175 zisingekuwepo. Mchoraji ameelewa. Ukurasa unaofuata, ambapo kamera ipo, kuna picha maarufu ya Kapil akiinua Kombe kwenye roshani ya Lord's, meno yote nje, na pale Kirmani humwoni tena. Nilirudi kwenye ule mchoro mara nyingi.

Kitabu cha farasi kinapendeza zaidi kwa macho na kinaudhi zaidi. Mimi farasi nimewaona kwa televisheni tu. Sisi wa Nakivale mnyama wetu mkubwa ni ng'ombe wa Ankole, na mwenye ng'ombe hao anawajua kwa jina na kwa rangi mmoja mmoja, kwa hiyo mapenzi ya mtu na mnyama wake sikuyaona ajabu. Kinaanza (kilipobaki) na Maharaja wa Rajpipla, ambaye farasi wake Windsor Lad alishinda Derby ya Epsom mwaka 1934. Rajpipla ni Gujarati, upande ule ule walikotoka wazazi wa mzee wangu wa Mbarara. Mwaka uliofuata ni zamu ya Aga Khan wa tatu, mzaliwa wa Karachi, na farasi aliyeitwa Bahram. Bahram alikimbia mara tisa katika maisha yake akashinda mara tisa, na mwaka 1935 alichukua mbio zote tatu kubwa za Waingereza kwa farasi wa umri wake. Kwa jumla Aga Khan huyo alishinda Derby mara tano, ya mwisho mwaka 1952. Kitabu kinampa kurasa nyingi: kofia ndefu, miwani, mkono umeshika kamba, anamwongoza mshindi katikati ya watu.

Chini ya picha hizo kuna jina la farasi, la baba na mama yake farasi, la mwenye farasi, la mpanda farasi, la mkufunzi. Na karibu kila picha kuna mtu wa sita. Amesimama upande wa pili wa kichwa cha farasi, amevaa kofia ya kawaida, ameshika hatamu kwa nguvu, kwa sababu mnyama ametoka mbioni damu inachemka na tajiri asije akaumia. Picha za India anavaa kilemba, za Uingereza koti la kijivu. Jina hana, hata mara moja.

Mimi sikumwona. Aliyemwona ni mtoto wa jirani, wa darasa la nne, aliyekuwa ananisomea maandishi kwa kidole. Akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha Kivu: "Papa, ile farasi iko na jina. Na ule mutu mwenye kuishika, yeye hana?"

Kiswahili kina neno la mtu huyo: saisi. Wahindi nao wanalo, karibu lile lile. Ndiye anayelala karibu na zizi, anayejua mguu gani una joto, anayepiga brashi saa kumi za alfajiri wakati mwenye farasi yuko Paris. Ukiniambia Bahram alishinda mara tisa, nitakubali kwamba Freddie Fox aliyempanda kwenye Derby alifanya kazi, na mkufunzi Frank Butters pia. Lakini kitabu kinachojua jina la bibi yake farasi na hakijui jina la mtu aliyemlisha kimechagua. Hakikusahau.

Baada ya swali la yule mtoto nilirudi kwenye kitabu cha kriketi kwa jicho baya. Huko mambo ni afadhali, lakini siyo sana. Yupo Ranjitsinhji, mwana wa wafalme, kurasa tatu, ingawa huyo alichezea Uingereza, India hakuichezea. Na yupo Palwankar Baloo, picha moja. Chini yake wameandika kwamba alikuwa mrushaji hodari, na kwamba katika safari ya Uingereza ya mwaka 1911 alitoa wapigaji 114. Basi. Hawasemi kwamba Baloo alizaliwa katika tabaka ambalo Wahindi wa juu waliona kuligusa ni najisi. Hawasemi kwamba alianza Poona kama mtu wa kutunza uwanja, akiwarushia maofisa Waingereza mazoezini. Wala kwamba alipoingia timu ya Wahindu alicheza nao uwanjani, lakini saa ya chai yeye alipewa nje, katika kikombe cha udongo cha kutupa, wenzake wakinywa ndani kwa vikombe vya kaure. Unahodha hakupewa. Mwanahistoria Ramachandra Guha aliyaandika haya yote mwaka 2002, katika kitabu kisicho na rangi wala karatasi ya kung'aa. Wenye karatasi ya kung'aa waliogopa kwamba kikombe cha udongo kitaharibu sherehe. Mimi naona kingeifanya sherehe iwe kubwa. Wapigaji 114 wa mtu anayekunywa chai nje siyo 114 wa mtu wa kawaida, wapendwa.

Kuna mahali kitabu hiki kinatugusa sisi wa Afrika Mashariki, na kama ungepiga chafya ungepita. Ni mstari mmoja: mwaka 1975 India waliishinda Afrika Mashariki kwa wiketi kumi. Nilisoma mara mbili. Afrika Mashariki, timu? Ilikuwepo. Kombe la Dunia la kwanza kabisa, nchi nne, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, zilipeleka timu moja. Tarehe 11 Juni 1975, uwanja wa Headingley mjini Leeds, walitolewa wote kwa mikimbio 120, na Sunil Gavaskar na Farokh Engineer wakaifikia bila hata mmoja wao kutolewa. Ndiyo mechi pekee ambayo India walishinda katika Kombe la Dunia kabla ya 1983. Kwa maneno mengine, safari ya kuelekea ile roshani ya Lord's, ngazi yake ya kwanza tulikuwa sisi.

Na "sisi" hao walikuwa akina nani? Nahodha Harilal Shah. Jawahir Shah, aliyefunga nyingi siku hiyo, 37. Sam Walusimbi wa Uganda. Kwenye safari hiyo alikuwepo pia John Nagenda, mwandishi, aliyezaliwa Gahini, Rwanda, akawa Mganda mashuhuri. Yeye alicheza ile ya New Zealand. Wengi waliosimama mbele ya India walikuwa na majina ya Kihindi, miaka mitatu tu baada ya Idi Amin kuwapa Wahindi wa Uganda siku tisini waondoke. Hapo kuna picha ambayo ningelipa pesa yangu kuiona. Kitabu cha ushindi hakina nafasi yake, maana kitabu cha ushindi hakimtazami aliyeshindwa.

Nilipomrudishia mzee vitabu nilimuuliza juu ya mstari huo. Mwaka huo yeye alikuwa kijana Leicester, kiwanda cha soksi, zamu ya usiku. Alisikiliza matokeo redioni. "Nilishindwa kujua nishangilie nani," akasema. "Mwisho nilienda kulala." Alirudi Mbarara miaka ya tisini, akaanza upya na jora sita za kitambaa.

Jambo jingine ambalo kitabu cha farasi kimeliacha ni mtoto wa Aga Khan yule yule, Sadruddin. Hakuwa mtu wa farasi, labda ndiyo sababu. Lakini yeye ndiye aliyekuwa Kamishna Mkuu wa UNHCR mpaka 1977, pamoja na ile 1972 ambapo Wahindi wa Uganda wasio na uraia wa nchi yoyote walisafirishwa kwenda kwenye kambi za muda Ulaya. Nembo iliyoko kwenye turubai la choo changu ilikuwa chini ya mtoto wa mwenye Bahram. Sisemi kuna somo hapo. Nasema tu ningekuwa mimi mhariri, ningempa nusu ukurasa.

Sasa ninyi ndugu zetu wa mashirika, msifunge jarida, nimefika.

Mwaka juzi mpiga picha mmoja alikuja Kashojwa na shirika ambalo sitalitaja. Alimpiga picha mke wangu akishona. Picha nzuri kabisa, mwanga unaingia mlangoni, uzi mwekundu unaonekana. Ikatokea kwenye kalenda, mwezi wa Agosti. Chini imeandikwa: "Mwanamke mkimbizi, mnufaika wa mafunzo ya ushonaji, Nakivale." Kwenye picha, ubavuni mwa cherehani, herufi za dhahabu zinasomeka vizuri: SINGER. Farasi iko na jina.

Nilikasirika kwa ajili ya jina. Yeye, nilipomwonyesha, hakujali jina hata kidogo. Alisema: "Jina waache. Kuna watu sitaki wajue niko wapi." Kilichomuuma ni neno lingine. "Mafunzo gani? Mimi nilifundishwa na mama yangu Uvira, nikiwa na miaka kumi na moja. Hapa walinipa cheti na chai." Ile kalenda hakuitundika. Anaitumia kukatia patroni za kola, Agosti ilikuwa ya kwanza kukatwa.

Kwa hiyo nimebadilisha mawazo yangu juu ya hivi vitabu, kidogo. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema: andikeni majina, mambo yamekwisha. Najua wenzetu wa ulinzi wana sababu zao za kuficha majina, na sababu hizo ni za kweli. Mtu aliyekimbia usiku hataki kuonekana kwenye karatasi. Lakini mke wangu amenionyesha kwamba unaweza kuficha jina na bado ukasema kweli juu ya kazi. "Fundi, amejifunza kwa mama yake, Uvira." Maneno sita, wala hayamuweki hatarini. Vile vile kitabu cha farasi kingeweza kusema: saisi, amekaa na farasi huyu tangu akiwa mtoto. Hata kama jina limepotea, na kwa picha za mwaka 1935 pengine limepotea kweli, kazi haijapotea, iko pale mkononi mwake, ameshika hatamu. Wao wakaacha nyeupe. Na mashirika yanajaza ile nyeupe kwa kazi yao wenyewe, na hapo ndipo nawaona wabaya kuliko wenye farasi. Maharaja hakudai kwamba alimfundisha saisi kushika kamba.

Ningemaliza hapo kwa ushujaa kama nisingefungua toleo letu lililopita. Ukurasa wa 9. Picha ya timu iliyochukua kombe la kanda, vijana kumi na wanne wamepiga magoti na kusimama. Maandishi ya chini niliandika mimi, kwa mkono wangu: "Mabingwa wetu pamoja na mgeni rasmi." Mgeni rasmi nimemtaja kwa majina yake mawili na cheo chake.

Nimewazungukia wote wiki hii, kwa miguu, mpaka New Congo na kurudi. Kumi na wawili wamekubali, na majina yao yatatoka ukurasa wa nyuma wa toleo hili, pamoja na nafasi anayocheza kila mmoja, na mmoja alitaka tuongeze kwamba ndiye aliyefua jezi. Mmoja amekataa kabisa; yeye tumeandika "beki wa kushoto, aliyefunga penalti ya mwisho." Mlinda lango naye hakutaka jina lake litoke, lakini "mlinda lango" peke yake akaona ni kidogo. Alikuwa mmoja wa waliokuja kwangu kutazama vile vitabu. Akasema tumwandike Bahram, kwa sababu hajawahi kushindwa. Jumapili iliyopita alifungwa manne. Tumemwandika hivyo hivyo.